Basi Kaweka Nani?

Programu ya kwanza niliyowahi kumwandikia mtu mwingine ilikuwa na mistari 312, na yote niliijua kwa kichwa. Ilikuwa 2018, niko mwaka wa pili chuoni, na shangazi yangu alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama ishirini na kitu pale Kihonda, Morogoro. Kila Jumamosi jioni walikutana barazani kwake. Wananunua hisa, wanapokea marejesho, wanachangia mfuko wa jamii, na kila kitu kinaandikwa kwenye daftari kubwa ambalo kufikia mwezi wa kumi lilikuwa limeota masikio. Siku ya kuvunja kikoba, mwisho wa mwaka, hesabu zilichukua siku mbili na kuharibu urafiki wa miaka. Mimi nilikuwa nimesoma lugha ya C kwa mihula miwili. Nikasema tabu hiyo nitawamalizia.

Programu ilifanya kazi kwa wiki tatu kwenye laptopu ya katibu, ambayo mwanawe alimwachia. Wiki ya nne katibu aliibeba kwenye flashi mpaka steshenari ili wachapishe orodha ya hisa. Mwenye steshenari alipochomeka flashi, kompyuta yake ikafungua dirisha jekundu. Antivairasi ilikuwa imekamata faili moja tu, na lilikuwa langu.

Shangazi alinipigia jioni ile ile.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hivi ile programu si uliiandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

"Basi virusi kaweka nani?"

Nilikaa usiku kucha nikiipitia mistari yangu 312, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Hapakuwa na kitu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kihonda na karatasi saba nilizozichapisha, nikazitandaza mkekani mbele ya akina mama, nikaanza kueleza. Walinisikiliza kwa adabu. Mama mmoja aliuliza kama karatasi hizo ndizo zilizokuwa ndani ya kompyuta. Nikajibu ndiyo, kisha nikasita, kwa sababu haikuwa kweli kabisa. Kilichokuwa ndani ya kompyuta kilitokana na karatasi zile. Wiki ile wakarudi kwenye daftari. Hakuna aliyenilaumu, ila hawakuniita tena mtaalamu.

Nilikuja kuelewa lile swali la mkekani miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeanza shahada ya uzamili, mhadhiri alipotupa tusome mhadhara wa kurasa tatu uliotolewa kabla sijazaliwa.

Kwa msomaji asiyeshinda na mambo haya: binadamu huandika programu kwa lugha ambayo binadamu mwenzake anaweza kuisoma. Mashine haiijui lugha hiyo. Katikati anakaa mfasiri, kompaila, anayegeuza maandishi yale kuwa tarakimu ambazo mashine inazitekeleza. Wazo ni la zamani. Grace Hopper alikuwa na programu ya aina hiyo, aliyoiita A-0, tangu 1952. Sasa, kompaila nayo ni programu. Nayo iliandikwa na mtu, nayo ilifasiriwa na kompaila iliyoitangulia, na ile iliyotangulia ilifasiriwa na nyingine. Ni kama mtindi. Unatia maziwa kwenye kibuyu, unaongeza kijiko cha mtindi wa jana, kesho yote yameganda. Wa jana uligandishwa na wa juzi. Hakuna nyumba inayokumbuka kibuyu cha kwanza.

Ken Thompson na Dennis Ritchie walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1983 kwa kazi yao ya Unix, mfumo ulioanza 1969 kwenye maabara za Bell kule New Jersey, Marekani. Mshindi wa tuzo hiyo hutoa mhadhara. Thompson hakutaka kuzungumzia Unix. Mhadhara wake, uliochapishwa Agosti 1984, unauliza ni kwa kiasi gani tuamini maelezo kwamba programu haina hila ndani yake, au pengine ni bora kuwaamini watu walioiandika.

Anaanza na mchezo wa wanafunzi: kuandika programu ambayo kazi yake pekee ni kujichapisha yenyewe, herufi kwa herufi. Anaonyesha kwamba inawezekana, na kwamba programu ya namna hiyo inaweza kubeba mzigo mwingine wowote mgongoni. Halafu anatoa mfano ambao mwanzoni niliupita haraka, na siku hizi ndio unaonikosesha usingizi.

Katika lugha ya C kuna alama za mkato za kuandika vitu visivyoonekana, kama vile kuruka mstari. Tuseme unataka kuongeza alama mpya, ya kushuka wima. Kompaila ya sasa haiijui. Kwa hiyo mara ya kwanza unaiandikia waziwazi: ukiona alama hii, toa namba 11. Unaifasiri, unaiweka kazini. Sasa kompaila inajua. Mara ya pili unafuta namba 11 na kuandika tu kwamba alama hii maana yake ni alama hii. Ukisoma maandishi hayo unaona ni upuuzi, sawa na kamusi inayosema "mbuzi: mbuzi". Lakini yanafanya kazi, kwa sababu namba 11 imehamia ndani ya kompaila iliyokwisha kufasiriwa, na kila kompaila inayozaliwa itairithi kutoka kwa mama yake. Kwenye maandishi haipo tena. Inaishi kwenye kibuyu.

Thompson hakuwa akizungumzia uovu wowote hapo. Hivyo ndivyo kompaila zinavyokua, kwa nia njema kabisa. Uovu anauongeza baadaye, kidogo tu. Anaibadilisha kompaila ili ikitambua kwamba inafasiri ile programu inayowauliza watu nenosiri wanapoingia kwenye mfumo, iongeze kifungu kinachokubali pia nenosiri la siri. Huo ni mlango wa uani. Ila mtu yeyote akiisoma kompaila atauona. Kwa hiyo anaongeza kifungu cha pili: kompaila ikitambua kwamba inajifasiri yenyewe, iweke upya vifungu vyote viwili. Anaifasiri mara moja, kisha anafuta vyote kwenye maandishi. Maandishi ya kompaila sasa ni masafi. Ya programu ya nenosiri ni masafi. Ukizifasiri upya kutoka kwenye maandishi hayo masafi, mlango uko palepale.

Nilipofika hapo niliinua kichwa. Mama yule wa mkekani alikuwa ameuliza jambo hili hili.

Mhadhara huu husimuliwa mara nyingi kama utundu wa mtu mwenye akili nyingi aliyetoa hoja ya nadharia tu. Sikubaliani na wanaousimulia hivyo. Thompson mwenyewe alieleza katika miaka ya 1990 kwamba alilifanya kweli, ndani ya Bell, dhidi ya wenzake wa kikundi kilichokuwa kikihudumia watumiaji wa Unix. Namna alivyolifanya inafundisha kuliko hila yenyewe. Aliwatamanisha. Aliwatangazia toleo jipya lenye kitu kisichofanya kazi kwenye kompaila ya zamani, kwa hiyo hawakuweza kuchukua maandishi peke yake. Ilibidi wachukue na kompaila iliyokwisha kufasiriwa. Walipoiweka, baada ya muda programu yao ya nenosiri ikapata mlango. Baadaye mmoja wao aliona kitu cha ajabu ndani ya faili na kuanza kuchokonoa. Katika kuchokonoa huko aliifasiri kompaila kwa njia ya kuzunguka, ambayo kifungu cha siri hakikuwa kimejiandaa nayo, na mnyororo ukakatika. Mlango ulikuja kutoweka miezi iliyofuata. Msimbo wenyewe ulikaa kimya mpaka 2023, Russ Cox alipouomba kwa Thompson na kuuchapisha pamoja na maelezo. Niliusoma. Ni mfupi kuliko programu yangu ya kikoba.

Wazo nalo halikuwa la Thompson, na hakusema ni lake. Mwishoni mwa mhadhara anaeleza kwamba aliliona kwenye ripoti fulani ya Jeshi la Anga la Marekani kuhusu usalama wa Multics, haikumbuki ni ipi, na anaomba anayeijua amwambie. Ripoti hiyo ilikuwa ya Paul Karger na Roger Schell, ya mwaka 1974. Walipewa kazi ya kuupima mfumo wa Multics kwa kujaribu kuuvunja, wakauvunja, na katika kuorodhesha mahali ambapo adui angeweza kujificha wakataja kompaila: mlango ukiwekwa humo unaweza kujirithisha kila kompaila inapofasiriwa upya. Yaani miaka kumi kabla ya dunia kushtuka, jambo lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi ya serikali. Hata Thompson, aliyewahi kuufanyia kazi mfumo wa Multics kabla Bell haijajitoa, hakukumbuka alilipata wapi. Hilo linanichekesha kidogo: somo kuhusu kujua vitu vyetu vimetoka wapi, ambalo mwenyewe halikujua limetoka wapi.

Sasa nirudi kwenye flashi yangu.

Kompaila niliyotumia sikuipakua mimi. Hakuna aliyeipakua bwenini kwetu. Bando la mwanafunzi lilikuwa la ujumbe na la kusomea, si la kuvuta programu nzito, na intaneti ya chuo ilikuwa inafufuka saa nane usiku na kufa alfajiri. Kwa hiyo kompaila zilitembea. Mimi niliipata kwa mwenzangu wa chumba, naye alipewa na mtu wa mwaka wa tatu, naye aliikuta kwenye laptopu aliyoinunua mkononi kwa mhitimu. Flashi moja ilibeba kompaila, muziki, filamu zilizotafsiriwa na mitihani ya miaka iliyopita. Tulikuwa tukipokezana kibuyu, na kupokezana huko ndiko kulikotusomesha; nisingepata kompaila kwa njia nyingine.

Nilidhani hiyo ni aibu ya umaskini wetu mpaka niliposoma habari za 2015 za China. Wajenzi wa programu za simu za Apple hutumia kifurushi kiitwacho Xcode, ambacho kilikuwa karibu gigabaiti tatu. Kukivuta kutoka kwenye seva za Apple mtu akiwa China kulichosha sana, basi watu wakawa wanakichukua kwenye hifadhi za mtandaoni za nchini mwao, zilizokuwa na kasi. Mtu akaweka humo Xcode iliyochezewa. Kila aliyeitumia aliandika msimbo wake mwenyewe, msafi, na simu za wateja zikapokea programu yenye kitu cha ziada. WeChat ilikuwa mojawapo. Wakaguzi wa Apple walizipitisha. Kisa hicho kinaitwa XcodeGhost, na miaka sita baadaye barua za ndani za Apple zilizotolewa mahakamani zilionyesha kwamba programu zilizoambukizwa zilikuwa takriban 2,500 na watumiaji waliozipakua milioni 128. Hawa walikuwa wahandisi wa kampuni kubwa. Kilichowaponza ni intaneti ya polepole na mtu aliyesema, mimi ninayo, chukua hapa.

Kabla yao, 2009, kulikuwa na Induc, kirusi kilichowaandama watumiaji wa Delphi. Kilibadilisha faili moja la maktaba ya kompaila, na kuanzia hapo kila programu iliyotoka kwenye kompyuta hiyo ilitoka nacho. Hakikuharibu chochote. Kilizaana tu. Watu walikuwa wakiwauzia wateja wao programu walizoziandika kwa mikono yao, na antivairasi za wateja zinapiga kelele, na mwandishi anaapa kwamba hajaweka kitu. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu maktaba mpaka mlinzi akanitazama.

Sijui kama kompaila yangu ilikuwa imechezewa. Flashi ile ilishapotea, na laptopu ya katibu ilisafishwa siku ile ile na fundi. Antivairasi pia hushuku ovyo: programu ndogo isiyojulikana na mtu, iliyofasiriwa kwa kompaila ya kawaida tu, inaweza kukamatwa bila kosa lolote. Huenda shangazi yangu aliaibika mbele ya wenzake bure kabisa. Lakini siwezi kumthibitishia hilo, na tatizo ndilo hilo tangu mwanzo. Usafi wa karatasi zangu saba haukuwa ushahidi wa chochote.

Kwa muda mrefu waliousoma mhadhara wa Thompson waliamini hakuna dawa. Kisha David A. Wheeler akaja na dawa ambayo akina mama wa kikoba wangeielewa kabla ya wahandisi wengi. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, na mweka hazina hashiki hata mmoja. Haiaminiwi nyumba yoyote kati ya hizo kuwa ya malaika. Kinachotegemewa ni kwamba watatu hawa, wasiopikiana hata chai, ni vigumu wakubaliane kuiba. Wheeler, kwanza kwenye makala ya 2005 kisha kwenye tasnifu yake ya uzamivu ya 2009, alisema: chukua maandishi ya kompaila unayoishuku. Yafasiri kwa kompaila nyingine kabisa, ya mtu mwingine, ya asili nyingine. Unachopata, kitumie kufasiri maandishi yale yale tena. Mwisho linganisha, baiti kwa baiti, na kile ambacho kompaila inayoshukiwa hutoa inapojifasiri. Vikilingana, hakuna kilichojificha nje ya maandishi, isipokuwa kompaila zote mbili ziwe zimechezewa kwa njia ile ile. Alilifanya kwa kompaila ndogo iitwayo tcc, kisha kwa GCC, ambayo ni kubwa.

Wengine wameamua kukitafuta kibuyu cha kwanza. Mwaka 2023 watu wa mradi wa Guix walitangaza kwamba wanaweza kujenga vifaa vyao vyote vya msingi kuanzia kwenye mbegu ya baiti 357, ndogo kiasi kwamba mtu mvumilivu anaweza kuisoma tarakimu kwa tarakimu, kisha kupanda ngazi, kompaila dhaifu ikizaa yenye nguvu kidogo, mpaka juu. Nilizichapisha zile baiti 357. Hazikujaza hata karatasi moja.

Nisijifanye kwamba hilo limemaliza kazi. Machi 2024 ulimwengu ulikaribia kupata mlango wa uani kwenye seva nyingi za Linux kupitia maktaba ndogo ya kubana faili iitwayo xz. Haikuhitaji hila ya Thompson. Mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili kusaidia mradi uliokuwa ukitunzwa na mtu mmoja aliyechoka, akatuma marekebisho mazuri, akaaminiwa, akapewa funguo, kisha akaficha sumu kwenye mafaili ya majaribio ambayo hakuna anayeyasoma, na agizo la kuifungua akaliweka kwenye kifurushi cha kusambazwa tu, si kwenye msimbo ambao watu huutazama. Aliyegundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye seva yake kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Mimi ningekwenda kuchemsha chai.

Wiki ile nilikuwa naandika pendekezo la utafiti wangu. Kwa kuwa hasira ilinishika, niliamua kulifanya zoezi la Wheeler mwenyewe, kwa tcc, kwenye laptopu yangu. Mchana wa kwanza haukuzaa kitu. Mafaili yalitofautiana, na ikachukua muda kutambua kwamba nilikuwa nimewasha chaguo fulani upande mmoja na kulisahau upande wa pili. Usiku wa pili, saa saba kasoro, yalilingana. Baiti kwa baiti. Nilitamani kumwamsha mtu.

Asubuhi nikampigia shangazi. Bado ni mweka hazina. Nilimweleza polepole: kwamba nimepata njia ya kuikagua ile kompaila, ya kisasa lakini ya aina ile ile, kwamba nimechukua ya pili, ya watu wengine, nikazishindanisha, na zimetoa jibu moja, kwamba nikiwaandikia tena programu safari hii nitaweza kuwaonyesha. Nikamwambia ni kama kufuli za sanduku. Hapo alinyamaza, na nikajua ananifuata.

"Hiyo ya pili," akasema, "uliitoa wapi?"

"Niliipakua, shangazi. Kwa wenyewe."

"Wenyewe unawajua?"

"Siwajui."

"Haya," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula, na akaanza kunisimulia habari za mama Rehema, ambaye anadaiwa marejesho ya miezi mitatu na siku hizi akiwaona anapitia njia ya shuleni.